Tuusikilize pamoja "Ó Gente da Minha Terra" ya Mariza: sauti inayochelewa kwa makusudi

#1 RithimYaKusini (Mtwara)

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za usiku.

Mimi ni mpiga gitaa wa dansi, mwaka wa 19 huu. Ukiwa mtu wa rithim unafundishwa jambo moja mpaka likuingie damuni: usichelewe. Mwimbaji anaweza kupotea, mtu wa solo anaweza kujisahau kwenye sebene, lakini rithim akichelewa hata kidogo wachezaji wote wanasimama na kumtazama. Ndiyo maana wimbo ninaouleta hapa umenikosesha usingizi. Ni wimbo wa kuchelewa tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mwimbaji anapochelewa, roho inaniuma zaidi.

Ni fado, muziki wa Lisbon huko Ureno. Mwimbaji ni Mariza, na wimbo umo kwenye albamu yake ya kwanza, Fado em Mim, ya mwaka 2001. Maneno aliyaandika Amália Rodrigues, aliyekuwa mwimbaji mkubwa kuliko wote wa fado, akafariki mwaka 1999. Mahadhi yametungwa na Tiago Machado. Yaani maneno ya marehemu yamepewa mahadhi na mtu wa kizazi kingine, kisha yakatiwa mdomoni mwa binti aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kujulikana.

Aliyenitumia ni mpwa wangu, anayenunua samaki wakavu ng'ambo ya Ruvuma. Aliandika mstari mmoja tu: "Mjomba, huyu mama kazaliwa Msumbiji." Ni kweli. Alizaliwa mwaka 1973 Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, mama mtu wa Msumbiji na baba Mreno, akapelekwa Lisbon akiwa na miaka 3.

Nilikuwa nimetoka kupiga harusini, saa nane usiku, masikio yamechoka na spika. Nikaweka hedifoni nikitegemea kusikiliza nusu dakika nilale. Nililala alfajiri.

Sasa niwaeleze ninachokisikia, nikianza na vyombo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Fado ya kawaida ya Lisbon haina ngoma. Kuna gitaa la Kireno, kuna gitaa la kawaida ambalo wao wanaliita viola, na mara nyingi kuna besi. Basi. Mara ya kwanza nilidhani ni magitaa mawili yanapiga kwa pamoja, maana kila noti ilikuwa na kivuli chake. Kumbe gitaa la Kireno lina nyuzi 12 zilizofungwa mbili mbili, jozi 6. Jozi tatu nyembamba zinatyuniwa sawasawa. Jozi tatu nene, kila moja ina uzi mnene na mwenzake mwembamba uliopanda oktavo nzima. Tumbo lake ni la duara kama peari, na mpigaji huvaa kucha za bandia kwenye kidole gumba na cha shahada. Ile sauti inavyometameta ni kama bahari ya saa sita mchana inapopigwa na jua, huwezi kuitazama sehemu moja ikatulia. Mtu wa viola yeye yuko chini kabisa, anashika mapigo. Huyo ni mimi. Nikimsikia najua anachokipitia.

Sasa sauti. Mariza anaanza chini, karibu na kuongea, kama mtu anayemwambia jirani habari ambayo hataki watoto waisikie. Vyombo vinatandika mkeka, kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) inabadilika, na pale ambapo wewe mwanamuziki unajua kwamba neno linapaswa kutua, halitui. Unasubiri. Nusu ya pumzi baadaye ndipo linashuka, na linashuka likiwa zito kuliko ambavyo lingekuwa lingefika kwa wakati. Akifika kwenye kiitikio anapanda juu kwa nguvu zote za kifua, na huko juu nako anachelewa kushuka. Anaizungusha silabi moja mara tatu nne kabla ya kuiachia. Mpiga gitaa la Kireno anamfuata kama mtu anayemfuata mgonjwa ngazini, mikono iko tayari, hamgusi.

Kwa maana, niliuliza wanaokijua Kireno. Mwimbaji anawaambia watu wa nchi yake kwamba sasa ndiyo ameelewa: huzuni anayoibeba, wao ndio waliompa. Hawalaumu. Anaitaja kama mtu anavyotaja pua aliyorithi kwa bibi yake. Na neno fado lenyewe asili yake ni Kilatini, lina maana ya yale yaliyoandikwa yampate mtu, sisi tungesema majaaliwa. Kwa hiyo akisema fado hii ni yangu na ni yenu, hujui kama anasema wimbo au anasema majaaliwa. Ni vyote viwili.

Rekodi ya pili mnayopaswa kuisikiliza ni ya onyesho la mwaka 2005, kwenye bustani za Torre de Belém, mnara wa zamani ulio ukingoni mwa mto Tejo. Kuna okestra nzima, inaongozwa na Mbrazili Jaques Morelenbaum. Katikati ya wimbo huu Mariza anashindwa. Machozi yanamjia, sauti inakatika, watu wanampigia makofi kumtia moyo, vyombo vinamsubiri. Kisha anarudi.

Hoja yangu ni hii, na nataka mnipinge kama mnayo nyingine: huzuni ya wimbo huu haikai kwenye maneno. Iko pale anapochelewa. Sikilizeni usiku, taa zikiwa zimezimwa, halafu mseme.

#2 BintiFidla (Unguja, Mjini)

Kaka RithimYaKusini, nimesikiliza mara nne. Umeandika kama mtu aliyeguswa kweli, nami nakujibu hivyo hivyo.

Mimi napiga fidla kwenye taarab. Hoja yako nakubaliana nayo nusu. Waimbaji wetu nao wanavuta, wanazungusha, wanachelewa. Lakini taarab inapovuta, kundi zima linaendelea kutembea, fidla na zile ala za nyuzi, kanuni na ud, zinamjazia nafasi aliyoiacha. Hapa nafasi inaachwa wazi. Hakuna anayeijaza. Ndiyo iliyonichoma. Ningekuwa nimekaa pale na fidla yangu mkono ungeniwasha niweke jibu, na ningekuwa nimeharibu.

Jambo lingine ambalo wapenzi wa ushairi mtalifurahia. Fado za kale zina mahadhi yanayojulikana kwa majina, na matatu yanahesabiwa kuwa mizizi ya yote: Fado Menor, Fado Corrido na Fado Mouraria. Mahadhi hayo hayana shairi lake maalumu. Mwimbaji anachukua shairi lolote ambalo idadi ya mistari na mizani yake inaingia, analiimba humo. Ukiwa na beti za mistari minne, sawa. Ukiwa na za mitano au sita, kuna mahadhi yake. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa hilo. Tangu chuoni tunajua shairi moja linaimbika kwa sauti nyingi, na sauti moja inabeba mashairi mengi, mradi vina na mizani vikae.

Sasa huu wa Mariza si wa namna hiyo. Una kiitikio, na mahadhi yake yametungwa kwa ajili ya maneno haya. Wareno wanaita fado canção, fado ya wimbo. Nadhani ndiyo maana inamshika hata mgeni haraka: kiitikio kinakurudisha nyumbani kila unapopotea.

#3 Mhamiaji_Amadora (Ureno)

Wadau salaam. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Amadora nje kidogo ya Lisbon, nafanya kazi jikoni. Nitasema nilichokiona kwa macho.

Mara ya kwanza nilipelekwa na mfanyakazi mwenzangu, mama mmoja Mreno, kwenye kijumba cha chakula huko Alfama, mtaa wa zamani wa Lisbon. Meza labda 10. Watu wanakula, wanacheka, visu vinagonga sahani. Ghafla taa zikapunguzwa, mtu akasema maneno ambayo huku ni desturi: "Silêncio, que se vai cantar o fado." Nyamazeni, fado inaimbwa. Wakuu, jikoni kulisimama. Mhudumu aliyekuwa na sahani mbili mkononi alisimama nazo ukutani mpaka wimbo ukaisha. Mimi ni mtu wa jikoni, najua maana ya kuacha chakula kipoe kwa makusudi. Pale ndipo nilipoelewa kwamba hawa watu hawatanii.

Hakuna kipaza sauti. Mwimbaji anasimama nyuma kidogo au pembeni ya wapigaji waliokaa. Wanawake wengi wanajitanda shali nyeusi, na wanasema ni kumkumbuka Maria Severa, mwimbaji wa mtaa wa Mouraria aliyezaliwa mwaka 1820 akafariki akiwa na miaka 26 tu. Alikuwa mwanamke maskini wa vilabuni, na mapenzi yake na mtukufu mmoja, Conde de Vimioso, yanasimuliwa mpaka leo. Mwimbaji anafumba macho, anarudisha kichwa nyuma. Wimbo ukiisha, gitaa hufunga kwa kodi mbili za mkato, pa-pa, na hapo ndipo watu wanapumua. Akiwa amewapata sawasawa wanamwita: "Ah, fadista!"

Kuna nyingine wanayoiita fado vadio, ya watu wasio wa kulipwa. Fundi magari anasimama, anaimba tatu, anarudi kwenye kiti chake. Hiyo mimi naipenda kuliko zote.

Kuhusu Mariza, yeye kalelewa Mouraria hiyo hiyo. Wazazi wake walikuwa na kijiduka cha chakula na vinywaji, na fado ilikuwa ikiimbwa humo. Alikuwa mdogo hajui kusoma, baba yake akawa anamchorea picha za maneno ya wimbo ili ashike mashairi. Kila nikimsikia anavyolishika neno namfikiria yule mtoto na zile picha.

Nyongeza ndogo: Coimbra, mji wa chuo kikuu, wana fado yao. Kwa desturi huimbwa na wanaume, wamevaa majoho meusi ya wanafunzi, na mila ya zamani hairuhusu makofi. Msikilizaji anakohoa kidogo, kusafisha koo, ndiyo pongezi. Gitaa lao linatyuniwa chini zaidi, na kichwani limechongwa tone kama chozi. La Lisbon kichwa chake kimejikunja kama konokono.

#4 Pwani_Asilia (Tanga)

Hapa hakuna jipya. Waarabu walitawala Ureno karne nyingi, wakaacha muziki wao, Wareno wakaubadili jina. Mouraria maana yake ni mtaa wa Waislamu. Fado ni taarab ya Ureno, kwisha.

#5 RithimYaKusini

Mkuu Pwani_Asilia, jina la Mouraria umelielezea sawa, ndiyo mtaa waliotengewa Waislamu baada ya Lisbon kutekwa mwaka 1147. Lakini fado inaanza kuonekana Lisbon nusu ya kwanza ya miaka ya 1800. Kati hapo kuna karibu miaka 700, na hakuna mnyororo unaoziunganisha. Hata gitaa lenyewe limetokana na gitaa la Kiingereza lililoingia Ureno karne ya 18 kupitia wafanyabiashara wa Porto.

Kama unatafuta Afrika ndani ya fado, watafiti wengi wanatazama upande mwingine: Brazili. Kule kulikuwa na ngoma ya lundu, ya watu waliokamatwa Angola na Kongo wakauzwa utumwani, na fado yenyewe kwanza ilikuwa ngoma ya kuchezwa huko Brazili kabla ya kuwa wimbo wa Lisbon. Mfalme wa Ureno alikuwa amehamia Rio de Janeiro na baraza lake lote, akarudi mwaka 1821. Meli zilizorudi hazikurudi na watu tu. Hilo linanigusa zaidi kuliko habari ya kusema ni taarab iliyobadilishwa jina.

#6 KatangaYetu (Lubumbashi)

Jambo bandugu. Miye nauliza juu ya neno. Wareno wanasema saudade, ile huzuni ya kukumbuka kilichoondoka, na kila mtu anasema haitafsiriki. Kwa Kiswahili tutasema nini? Hamu? Huku kwetu mutu akisema "niko na hamu yako" ni kwamba anataka kukuona, na akikuona inaisha. Sauti ya huyu mama haionekani kama itaisha hata akipewa anachokitaka.

#7 BintiFidla

KatangaYetu, swali zuri mno. Hamu ina matumaini ndani yake. Simanzi inakutazama chini. Kihoro ni cha msiba mbichi. Mimi ningekwenda kwenye ukiwa, kwa maana ya nyumba waliyohama watu, si ya mtu kukaa peke yake. Ukiingia unaona alama ya picha ukutani, unajua palikuwa na picha. Lakini ukiwa nao hauna ule utamu. Saudade inaonekana kuwa na utamu, mtu hataki iondoke. Labda ni ukiwa unaopendwa. Kwa neno moja sina.

#8 Mzee_wa_Masasi

Nimesoma uzi huu tangu jana nikanyamaza. Leo naomba niseme, nanyi vijana mnivumilie.

Nina miaka 71. Nimekulia Newala. Nikiwa mtoto niliwaona watu wakivuka Ruvuma usiku, wengine na majeraha, wengine wamebeba watoto ambao walikuwa wameshakufa na mama zao hawajui. Mwaka 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, mbele ya ofisi ya serikali. Vita ikaanza mwaka 1964, ikaenda miaka 10. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi Nachingwea na Kongwa. Mondlane, kiongozi wao, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Mke wangu ni Mmakonde wa Mueda, alivuka mto akiwa mgongoni kwa mama yake, na baba yake hakuvuka.

Lugha hiyo mnayosema ni tamu, mimi niliijua kwa watu waliokuwa wanaikimbia. Na nakumbuka tulikuwa tukiambiwa kwamba serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno, iliwashibisha watu wake kwa vitu vitatu, fado, Fátima (mji wao wa hija) na mpira, ili wasiulize. Sasa mnaniambia niwasikitikie kwa huzuni yao? Huzuni yao ilikuwa na bunduki.

#9 RithimYaKusini

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili kabla ya kujibu, na sitajaribu kukuondolea uliyoyaona.

Hayo ya fado, Fátima na mpira ni kweli yalisemwa, tena na Wareno wenyewe walioipinga serikali ile. Tangu mwaka 1927 mwimbaji wa fado alitakiwa awe na kibali, na mashairi yalipitia kwa wakaguzi. Ndiyo maana baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974 vijana wengi wa Ureno waliikataa fado, waliiona ni nguo ya utawala uliopita. Ilichukua miaka mingi kurudi. Mariza ni wa kizazi kilichoirudisha. Carlos Paredes, aliyepiga gitaa la Kireno vizuri kuliko karibu wote, alifungwa na polisi wa serikali ile ile. Alipotoka hakuacha gitaa. Kwa hiyo ndani ya muziki huo huo walikuwamo wa pande zote mbili.

Na huyu anayeimba, mzee, nimeshasema mama yake ni wa Msumbiji. Alizaliwa Desemba 1973, vita haijaisha. Nchi ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975, familia ikahama. Watu wa Lisbon waliokuwa wakimwona mtoto yule Mouraria walijua si mtoto wa kwao kwa rangi. Sasa mtu huyo ndiye anayesimama mbele yao mtoni, na kuwaambia huzuni hii nimeipokea kwenu. Mimi nilipolijua hilo wimbo ulibadilika. Neno "kwenu" lilipata uzito mwingine. Sijui kama yeye mwenyewe analiimba kwa maana hiyo, mimi ndivyo ninavyolisikia nikiwa Mtwara.

Amália alizikwa kwa heshima za taifa, siku 3 za maombolezo, na mwaka 2001 akahamishiwa kwenye jengo la mashujaa wao, Panteão Nacional. Mwaka 2015 aliwekwa humo pia Eusébio, mchezaji wa mpira, mzaliwa wa Lourenço Marques kama Mariza. Nikiwaza kwamba mtoto wa Msumbiji amelala kwenye jumba la mashujaa wa Ureno, sijui nifurahi au nihuzunike. Nakuachia wewe uliyeyaona.

#10 Nyali_Mawimbi (Mombasa)

Mzee wetu shikamoo. Nimekaa kimya kwanza kwa heshima ya post yako.

Narudi kwa sauti yenyewe, kwa sababu nina ushahidi wa kumsaidia ndugu wa Mtwara. Mnajua kuna waimbaji wa sasa wanaotoa vyombo vya zamani? Lina, pamoja na Mhispania Raül Refree, walitoa albamu mwaka 2020 ya nyimbo za Amália bila gitaa la Kireno kabisa. Piano na sinthesaiza tu, sauti nzito za chini kama ukungu. Nilitegemea fado ife. Haikufa. Nikajiuliza kilichobaki ni nini, nikarudi kwa post ya kwanza: yeye Lina bado anachelewa. Ala zimebadilika zote, ile nafasi iko pale pale.

Kisha kuna Ana Moura. Albamu yake ya mwaka 2022, Casa Guilhermina, jina ni la bibi yake mwenye asili ya Angola, na ndani yake mnasikika midundo ya Angola kabisa, ya kuchezeka. Hapo ndipo ninaposumbuka. Mdundo ukiingia, sauti haiwezi kuchelewa sana, ngoma inamvuta. Naipenda albamu ile, naicheza nikiosha vyombo, lakini huzuni yake ni nyingine. Ni huzuni inayotembea.

#11 Mhamiaji_Amadora

Nyali umesema neno. Huku wazee wanabishana kila siku kama Ana Moura bado anaimba fado. Yule mama wa kazini kwangu alinijibu hivi: akiimba gizani mbele ya gitaa, namwamini, mengine anayoyafanya mchana hayanihusu.

Tena jana nilimchezea rekodi ya Torre de Belém. Alikuwa akikata vitunguu, akaweka kisu chini. Hakusema kitu mpaka makofi yakaisha. Akaniambia siku ile wengi walilia naye, kisha akaendelea na vitunguu vyake.

#12 BintiFidla

Wakuu, nimefanya jaribio. Nina mwanafunzi wa miaka 15, anasoma noti vizuri kuliko mimi. Nilimwandikia mahadhi ya kiitikio, akayapiga kwenye fidla kama yalivyoandikwa, kila noti kwenye pigo lake. Yalikuwa mahadhi mazuri ya kimaina (ile ngazi ya noti yenye sauti ya majonzi), ya kawaida tu. Ungeweza kuyapiga mgeni akiingia ukumbini.

Nikamwambia: sasa mimi nashika mapigo kwa kidole mezani, wewe usinifuate. Acha nipite, kisha uje. Alipata shida, alicheka, alikosea. Mara ya sita au ya saba akafumba macho mwenyewe, sikumwambia. Akachelewa. Mama yake aliyekuwa uani akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Kaka wa Mtwara, ile nusu niliyokuwa nimebaki nayo nakuachia. Nasisitiza langu moja tu: lazima na kidole cha mezani kiwepo. Bila mtu anayeshika wakati, hakuna wa kuchelewa. Yule wa viola, yule uliyesema ni wewe, ndiye anayeifanya huzuni ionekane.

#13 RithimYaKusini

Dada BintiFidla, nimesoma hiyo sentensi ya mwisho nikainuka kwenye kiti. Miaka 19 napiga rithim nikijiona ni mtu wa kuwasaidia wenzangu wacheze. Kesho tuna mazoezi. Nitamwomba mwimbaji wetu tujaribu zilipendwa moja ya polepole, nishike mapigo bila kumfuata, yeye aje anapotaka. Nitaleta majibu.

#14 Mzee_wa_Masasi

Kijana, nilikuwa nimesema sitasikiliza. Jana usiku umeme ulikatika, mjukuu akawa na chaji kwenye simu, nikamwambia aweke. Ile ya mtoni, yenye watu wengi.

Mke wangu alikuwa amelala upande wa pili wa chumba, nikadhani hasikii. Kireno anakijua cha kusalimia tu. Yule mwimbaji alipokatika sauti, watu wakaanza kumpigia makofi, mke wangu akauliza gizani: "Amefiwa na nani?" Nikamwambia hajafiwa, anaimba. Akanyamaza. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho. Halafu akasema: "Huyo analia msiba aliosimuliwa."

Yeye baba yake hamkumbuki sura. Alisimuliwa na mama yake. Miaka 48 ya ndoa yetu sijawahi kumwona akimlilia, wala sijawahi kumuuliza.

Niliyoyasema juu ya Wareno sijayafuta. Ila ameniomba ausikie tena leo jioni, na mjukuu amerudi shule na simu yake. Mnielekeze namna ya kuupata kwenye simu yangu hii ndogo, na ile sehemu anayonyamaza ianzie wapi, nisije nikaipita.